Siku saba za homa: tusiiite malaria kabla ya kuipima



Ndugu msomaji, sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), aliyeuumba mwili wa mwanadamu na kuuwekea ulinzi wake ndani yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyetufundisha kuwa kila maradhi yana dawa yake, na kwamba kuitafuta dawa hakupingani na kumtegemea Allah.

Leo tuzungumze juu ya jambo linalotokea kila msimu wa mvua katika nyumba zetu, hasa huku Kintinku, Wilaya ya Manyoni, ambako maji yakishuka kutoka kwenye ngazi ya Bonde la Ufa hutuama katika majaruba ya mpunga na mbuga zinazoelekea Bahi, na mbu nao wakaongezeka.

Baba anarudi jioni kutoka jarubani akitetemeka. Kichwa kinagonga, mgongo na viungo vinauma, hata macho yanamuuma akiyageuza. Mkewe anamtazama na kusema: "Baba Hamisi, hiyo ni malaria tu." Hamisi anatumwa kwa jirani kuomba dawa mseto iliyobaki, halafu dukani kuchukua vidonge vya maumivu vilivyofungwa kwenye karatasi, rangi tatu tofauti. Siku ya tatu homa bado ipo, vinaongezwa vidonge vya antibayotiki. Siku ya tano homa inashuka yenyewe, na nyumba nzima inasema dawa imekubali. Au siku hiyo hiyo ya tano damu inaanza kutoka puani na kwenye fizi, na ndipo inatafutwa bodaboda ya kumkimbiza hospitali.

Rai yangu katika makala haya ni moja. Siku saba za mwanzo za homa ni siku ambazo mwili uko vitani, na sisi katika nyumba zetu tunauharibia mwili vita hivyo kwa kuita kila homa malaria bila kuipima. Tukijua kinachotendeka ndani ya mwili katika wiki hiyo, tutajua nini cha kufanya, nini cha kuacha, na saa ipi ya kukimbia.

HOMA SI ADUI

Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alimkuta Bibi Ummu Saaib akitetemeka kwa homa na kuilaani. Mtume (s.a.w.) alimkataza kuitukana homa, akamweleza kuwa inaondoa makosa ya mwanadamu. Kwa muumini hiyo ni bishara kubwa. Na elimu ya tiba nayo imetuonyesha upande mwingine wa jambo hilo: homa yenyewe kwa kawaida si ugonjwa. Ni kazi ya mwili unaojitetea.

Mbu mwenye kirusi anapouma, huingiza mate yake kwenye ngozi, na kirusi huingia pamoja na mate hayo. Hapo ngozini kuna seli za ulinzi zilizowekwa kama walinzi wa zamu. Baadhi yake huvamiwa, lakini kabla ya kufa hupiga king'ora. King'ora hicho ni protini inayoitwa interferoni, iliyogunduliwa mwaka 1957 huko London na wanasayansi Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Kazi yake ni kuzionya seli jirani zifunge milango na kuzuia kirusi kisizaliane ndani yake.

Pamoja na interferoni, seli za ulinzi hutoa kemikali nyingine za kupashana habari. Kemikali hizo husafiri na damu hadi kwenye sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili na kuiamuru ipandishe joto. Ndiyo maana mtu husikia baridi na kutetemeka wakati mwili wake unawaka: ubongo umeweka kiwango kipya, na misuli inatetemeka ili kukifikia. Katika joto hilo virusi vingi huzaliana kwa shida, na askari wa mwili hufanya kazi kwa kasi zaidi. Yale maumivu ya misuli na uchovu wa kutotaka kunyanyuka kitandani navyo kwa sehemu kubwa vinatokana na kemikali hizo hizo. Mwili unakuambia: lala, nina kazi.

SIKU YA KWANZA HADI YA TATU

Katika siku hizi askari wanaopigana ni wale wa mwanzo, ambao hawamchagui adui. Bado mwili haujatengeneza silaha maalumu ya kirusi hiki. Kwa hiyo ndizo siku ambazo virusi ni vingi kupita kiasi katika damu. Ndugu msomaji, lishike jambo hili, kwa sababu mambo mengi nitakayoyasema mbele yanatoka humo.

Virusi navyo vina hila. Kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa, kwa mfano, kina protini yake ambayo kazi yake ni kukizima kile king'ora cha interferoni. Kirusi cha dengue, ambayo watu wa pwani waliiita kidingapopo, nacho kina njia zake za kukidhoofisha. King'ora kikichelewa, kirusi hupata nafasi ya kujaa katika ini na sehemu nyingine kabla ya jeshi kukusanyika.

SIKU YA NNE HADI YA SABA

Huku nyuma, katika matezi na bandama, seli nyingine zimekuwa zikijifunza sura ya adui. Kuanzia kama siku ya nne au ya tano huanza kuonekana katika damu kingamwili za mwanzo, ambazo humkamata kirusi huyu hasa na si mwingine. Zipo pia seli zinazozitafuta seli zilizovamiwa na kuziua ili kirusi kisipate kiwanda. Kwa wagonjwa walio wengi, hapo ndipo kirusi hutoweka katika damu na homa ikashuka. Homa ya Bonde la Ufa ya kawaida, isiyo kali, huisha hivyo ndani ya siku 4 hadi 7, na mtu akabaki na kingamwili za muda mrefu.

Lakini hapo hapo ndipo penye hatari. Katika dengue, hatari kubwa huja wakati homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba. Kwa sehemu kubwa kutokana na ukali wa mapambano yenyewe, mishipa midogo ya damu huanza kuvujisha maji, na chembechembe zinazosaidia damu kugandа hupungua. Mgonjwa anakuwa wa baridi, familia inashukuru, kumbe damu imekuwa nzito na shinikizo linashuka. Saa 24 hadi 48 zinazofuata ndizo za kuamua. Dengue ina aina nne, na aliyewahi kuugua aina moja anaweza kuugua zaidi akipata aina nyingine, kwa sababu kingamwili za zamani haziwezi kumuua adui mpya na badala yake zinaweza kumsaidia kuingia ndani ya seli.

Katika Homa ya Bonde la Ufa, wagonjwa wachache, pungufu ya 1 katika 100, hupata aina ya kutoka damu. Dalili zake huanza siku ya pili hadi ya nne: macho kuwa ya manjano kwa sababu ini limeharibika, kisha kutapika damu, haja kubwa nyeusi, damu kwenye fizi na puani. Karibu nusu ya wanaofikia hali hiyo hufariki. Wengine hupata shida ya macho wiki moja hadi tatu baada ya homa kuanza, na baadhi yao hupoteza uoni kabisa.

YALIYOTOKEA KWETU MWAKA 2007

Huenda msomaji akasema haya ni mambo ya mbali. Hapana. Ugonjwa huu uliitwa kwa jina la Bonde la Ufa kwa sababu kirusi chake kilitambuliwa Kenya, karibu na Ziwa Naivasha, kwa kondoo waliokuwa wakifa na kutupa mimba, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1931. Bonde hilo ndilo lile lile linaloendelea kusini hadi hapa kwetu.

Mvua kubwa zilipomwagika Afrika Mashariki mwishoni mwa mwaka 2006, ugonjwa ulianza Kenya mwezi Desemba, na mwezi Januari 2007 ukaonekana Tanzania. Hadi ulipokwisha mwezi Juni mwaka huo, watu 511 walikuwa wamehesabiwa kuwa na dalili zake katika mikoa 10, ukiwemo huu wetu wa Singida, na majirani zetu wa Dodoma ndio walioumia zaidi. Watu 144 walifariki. Mabucha yalikosa wateja na wafugaji walikosa pa kuuzia mifugo.

Kwa nini ugonjwa hulala miaka mingi kisha ukaamka? Kwa sababu baadhi ya mbu hupitisha kirusi kwenye mayai yao. Mayai hayo hukaa kwenye udongo wa mbuga kavu miaka kadhaa, na mafuriko makubwa yakija huanguliwa. Kwa hiyo mtu wa Kintinku asihesabu miaka iliyopita bila ugonjwa na kusema umekwisha. Atazame mbuga ikijaa maji.

KISU CHA HARAKA

Hapa nina neno na Waislamu wenzangu, na naomba mnivumilie.

Qur'an Tukufu imetuharamishia nyamafu, na sote tunalijua hilo. Lakini imezoeleka katika jamii yetu kwamba kondoo au mbuzi akionekana anakata roho, mtu hupiga kelele: "Leteni kisu, awahiwe asijekuwa kibudu!" Kijana anakimbia, anamgeuza kibla, anasoma Bismillahi, anachinja. Kisheria, ikiwa mnyama alikuwa bado na uhai, nyama yake inaitwa halali. Hilo sibishani nalo, na masheikh wapo wa kulieleza vizuri kuliko mimi.

Ninalolisema ni hili: kuhalalika kwa nyama hakuifanyi damu kuwa salama. Rudi kwenye yale niliyokuomba uyashike. Mnyama aliye katika homa kali yuko katika siku zake za mwanzo za vita. Kingamwili bado hazijakamilika, na damu yake imejaa virusi kuliko wakati wowote mwingine. Kijana aliyeshika kisu anarukiwa na damu hiyo machoni, mdomoni, na kwenye kidonda kidogo cha kidoleni. Mama anayeosha utumbo na kukata ini anaishika kwa mikono mitupu. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa watu wengi wanaopata Homa ya Bonde la Ufa huipata kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa, ingawa mbu naye anaambukiza. Mbu anaanza kazi kwa mifugo, na sisi tunaimalizia kwa kisu.

Dini yetu imetangulia katika jambo hili. Mnyama wa udhhiya hatakiwi kuwa mgonjwa ambaye ugonjwa wake uko wazi. Tumefundishwa msingi mkubwa wa kutodhuru na kutodhuriana, na tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizi. Tukumbuke kuwa Idi ya Hajj ya mwaka 1427 iliangukia siku za mwisho za Desemba 2006, wakati mvua na ugonjwa vilikuwa vimeshaanza katika ukanda wetu. Idi husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka wa kawaida, na itapita tena kwenye miezi ya mvua kubwa. Tujiandae kwa elimu kabla haijafika.

Najua kondoo ni mali. Kumwambia mfugaji amfukie kondoo wake badala ya kumchinja ni kumwambia afukie ada ya shule ya mtoto. Lakini linganisha kondoo mmoja na kijana wako mmoja. Kondoo wengi wakitupa mimba kwa wakati mmoja na watoto wao wakifa, hiyo ndiyo dalili kubwa ya ugonjwa huu. Mwite afisa mifugo. Usiguse kilichotupwa kwa mikono mitupu, usimchune mnyama, usimpe mbwa. Mnyama mzima mwenye afya chinja na ule bila wasiwasi, nyama iive vizuri na maziwa yachemshwe.

KWA NINI TUNAKIMBILIA MALARIA?

Turudi kwa Baba Hamisi. Kwa nini kila mtu aliyemwona alisema malaria? Kwa sababu malaria ipo kweli, inaua kweli, na wazazi wetu walifundishwa kuitibu kila homa kama malaria wakati vipimo vilikuwa haba. Ilikuwa busara ya wakati wake.

Lakini angalia matokeo. Mjini Moshi watafiti waliwachunguza wagonjwa wa homa 870 waliolazwa katika hospitali mbili mwaka 2007 na 2008. Wagonjwa 528 walikuwa wameandikiwa kuwa wana malaria. Vipimo vya uhakika vilipofanyika, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Miongoni mwa wale wengine walikuwemo wenye chikungunya, ugonjwa wa virusi vya mbu ambao jina lake limetoka katika Kimakonde, likiwa na maana ya kukunjika kwa maumivu, baada ya mlipuko wa kusini mwa nchi yetu mwaka 1952 na 1953. Utafiti mwingine wa mwaka 2008, uliohusu watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara, ulikuta kuwa kama 7 katika kila 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi, wengi wao vya njia ya hewa, na malaria ilikuwa kwa kama 1 katika kila 10.

Moshi si Kintinku, na wala sisemi huku malaria haipo. Ninasema hakuna mtu, hata awe mama mwenye watoto kumi, anayeweza kuitofautisha malaria na virusi kwa kumgusa mgonjwa paji la uso.

Wapo watakaonijibu: "Ukisubiri vipimo utamzika mtoto." Sikusema usubiri. Nimesema upime, tena siku ile ile homa inapoanza. Kipimo cha haraka cha malaria ni tone la damu ya kidole na jibu ndani ya dakika chache. Kikionyesha malaria, meza dawa mseto dozi nzima mpaka mwisho, usimgawie jirani. Kisipoonyesha, hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunasema "kipimo kimeshindwa kuiona", tunanunua dawa ile ile, na tunaacha kumwangalia mgonjwa kwa kuwa tunadhani ameshatibiwa. Huko kudhani ndiko kunakotuzika.

Na wapo watakaosema kila kitu ni kadari. Ni kweli. Lakini Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, alirudi na msafara wake, na akabainisha kuwa huko kurudi nako ni kadari ya Allah. Kupima nako ni kadari.

NINI KIFANYIKE NYUMBANI

Kwanza, andika tarehe homa ilipoanza, hata kwa mkaa ukutani. Mganga akiuliza, mwambie siku. Kipimo kinachomtafuta kirusi chenyewe hufaa siku za mwanzo, na kinachotafuta kingamwili mara nyingi hakionyeshi kitu kabla ya siku ya nne au ya tano, kwa kuwa mwili ulikuwa bado unazitengeneza. Mwambie pia kama umechinja, umechuna, umezalisha mnyama au kunywa maziwa mabichi, na kama umetoka safari. Neno moja kama hilo linaweza kubadili matibabu yote.

Pili, virusi hivi havina dawa maalumu ya kuviua iliyozoeleka katika vituo vyetu. Antibayotiki haiui kirusi. Kazi yetu ni kuupa mwili nafasi na vifaa: mapumziko, maji mengi, uji, maji ya dawa ya chumvi na sukari, na chakula chepesi. Mtume (s.a.w.) alituelekeza kuipoza homa kwa maji, nasi tumkande mgonjwa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na tumpe maji ya kunywa.

Tatu, kwa maumivu na joto tumia parasetamoli peke yake. Mtu mzima asizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na wala asitumie kiwango hicho cha juu kwa mazoea, kwa sababu ini linaweza kuwa tayari limeumia. Mwenye macho ya manjano au ugonjwa wa ini asimeze bila kuuliza. Mtoto apewe kwa uzito wake kama mhudumu atakavyoelekeza. Aspirini, diklofenaki na aibuprofeni tuziache mpaka ijulikane kuwa si dengue wala homa ya kutoka damu, kwani huongeza hatari ya damu kutoka. Vile vidonge vya rangi tatu ndani ya karatasi, usivikubali kama muuzaji hawezi kukutajia majina yake.

Nne, homa ikishuka usifunge macho. Siku mbili zinazofuata mwangalie mgonjwa kuliko mwanzo. Mkimbize kituo cha afya mara moja ukiona lolote katika haya: maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, damu mahali popote, haja nyeusi, macho ya manjano, mikono na miguu ya baridi, mkojo kupungua, kuchanganyikiwa, degedege, au usingizi usio wa kawaida. Mjamzito, mtoto mchanga na mzee wapelekwe bila kusubiri dalili hizo.

Tano, mgonjwa alale ndani ya chandarua, hata mchana. Watu hushangaa: ameshaumwa, chandarua cha nini? Ni kwa ajili yenu. Katika siku zile za mwanzo damu yake imejaa virusi, na kwa dengue na chikungunya mbu akimuuma yeye atapeleka kwa mtoto aliyelala chumba cha pili. Mbu wa dengue huuma mchana.

MAJI YA UDHU

Huyo mbu wa dengue hapendi jaruba wala mbuga. Hupenda maji yaliyotulia katika vyombo karibu na watu. Dar es Salaam iliona milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na mwaka huo wa pili Tanga nayo iliguswa. Barabara kuu na reli vinatuunganisha na miji hiyo. Msafiri akishuka Kintinku na kirusi ndani ya damu yake, kinachobaki ni mbu wa kumpokea.

Na sisi tunamfugia wapi mbu huyo? Kwa kuwa maji ni ya shida, tunayaweka katika mapipa, ndoo na mitungi. Msikitini nako kuna pipa la udhu lisilofunikwa, makopo nyuma ya choo, na birika lililosahauliwa na maji kidogo ndani. Tunajitoharisha kwa ajili ya sala huku ndani ya pipa viluwiluwi wanacheza. Hili si jambo la kumsubiri bwana afya.

Kutoka yai hadi mbu arukaye ni kama wiki moja hadi siku kumi. Kwa hiyo mara moja kwa wiki panatosha kuuvunja mzunguko. Napendekeza kila Alhamisi jioni, tunapojiandaa na Ijumaa, kila nyumba na kila msikiti vyombo vimwagwe na visuguliwe kwa brashi. Kumwaga tu hakutoshi, kwa sababu mayai hunata kwenye kuta za chombo na kustahimili ukavu kwa miezi. Kisha vifunikwe, na makopo na matairi mabovu yaondolewe.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, mwili wako una jeshi ambalo hukulilipa mshahara wala kulipa mafunzo. Ni neema ya Allah (s.w.). Siku saba za homa ndizo siku za jeshi hilo, na shukrani ya neema hiyo ni kutoliwekea vizuizi: kupima kabla ya kumeza, kumwangalia mgonjwa homa inaposhuka, na kuacha kukimbilia kisu kwa mnyama mgonjwa.

Maimamu wetu waliseme hili katika khutba moja kabla ya mvua na moja kabla ya Idi. Wachinjaji wafundishwe kuvaa glavu, kufunika vidonda na kunawa kwa sabuni. Akina mama, ambao ndio waganga wa kwanza wa kila nyumba, wapewe elimu hii kabla ya wanaume, kwa kuwa wao ndio watakaokesha na mgonjwa siku ya tano.

Na wewe Baba Hamisi, ukirudi leo jioni unatetemeka, usimtume mtoto kwa jirani. Nenda ukapimwe.

Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atupe elimu yenye manufaa. Aamin.

Wabillahi tawfiq.